Nakala Kumi na Mbili

Walikuwa dada na mdogo wake. Mdogo watu walimwita Kinyonga, na kazi yake ilikuwa kuuchora mji usivyo: maghorofa yenye miguu yakivuka barabara, nguzo za taa zikiinama kunywa maji ya madimbwi. Yeye alichonga picha kwenye ubao. Dada mtu akapaka wino na kuchapa. Kila picha nakala thelathini, basi. Kinyonga akishazitia namba na saini kwa penseli, dada aliukwaruza ubao kwa patasi, asipatikane wa kuchapa ya thelathini na moja. Ndiyo ahadi waliyowapa wanunuzi.

Picha ya mwisho ilikuwa ghorofa linalohama mji kwa miguu na wapangaji wote ndani. Dirishani mama yao anaanika nguo, hana habari. Kinyonga alitia saini kumi na mbili, akasema kifua kinambana.

"Nitamalizia kesho, dada."

Kesho ilimkuta hospitali. Siku ya tatu wakamzika.

Machozi hayajakauka, mwenye duka la picha akabisha hodi.

"Pole sana, dada. Lakini wewe mkono wake unaujua. Malizia saini hizo kumi na nane. Nani atajua?"

"Mimi."

Mkono huo aliujua kweli. Ndiye aliyemfundisha kuandika jina lake, akimshika vidole. Sasa angeliandikaje bila yeye?

Jamaa alipoondoka, aliulaza ubao mezani, akashika patasi.

"Usimkwaruze mwanangu," mama alisema kutoka mlangoni.

"Ni ubao, mama."

"Basi chapa nyingi, zijae mji mzima."

"Tuliahidi. Na yeye aliahidi."

Alianzia ukingoni, akijikaza kisabuni. Alipofika dirishani mkono ukagoma. Mama akasogea, akauweka wake juu ya ule wa binti, wakaburura patasi pamoja.

Zikabaki zile zisizo na saini. Alichana moja baada ya nyingine, hadi ya kumi na saba. Ya mwisho mama aliiwahi.

"Hiyo haina saini, mama."

"Nimemzaa mimi. Saini ya nini?"

Dada hakuwa amelia tangu msibani. Aliketi sakafuni katikati ya vipande, akalia kwa kwikwi kama mtoto. Mama alisimama karibu yake, picha kifuani, akitamani kuinama amkumbatie, akiogopa kuikunja.