Chumba cha Pasi

Miezi minne baada ya harusi, mtaa mzima bado ulimwita Bibi Arusi, naye alikuwa na haya hata ya kuwaambia kwamba imetosha. Kutwa alishinda na mama mkwe wake katika chumba cha uani, wakinyoosha mashuka ya nyumba ya wageni. Mama mkwe alisukuma pasi ya mkaa. Yeye alitoka na kuingia, akianua na kukunja.

Kasoro ilikuwa moja. Siku akiwepo yeye, mama mkwe kichwa kilimgonga, moyo ukamchafuka, miguu ikamlegea. Siku akienda kwao, mama alikuwa buheri wa afya.

Wifi yake ndiye aliyezihesabu siku hizo. Akamkuta jikoni.

"Wifi, hebu nieleze. Hiyo chai unayompikia mama unatia nini?"

"Majani na sukari tu, wifi."

"Mbona wewe huinywi?"

"Mimi chai hainipandi."

"Haikupandi! Mama inampanda hadi kichwani."

Bibi Arusi alirudi kukunja mashuka. Kesho yake mama mkwe aliingia chumba cha pasi na chupa yake mwenyewe ya chai, akaiweka kando ya ndoo. Alitabasamu tu, tabasamu la mtu anayeomba radhi. Heri angemtukana. Mama huyu akianza kumwogopa, nani tena atabaki wa kumpenda katika nyumba hii?

Basi akazidisha bidii. Alifagia, akafunga mlango, akabana dirisha na kuziba ufa wake kwa kitambaa, kama alivyofanya kila siku. Upepo ukipita kwenye jiko la makaa ya pasi, lililowaka humo humo chumbani, ulirusha majivu juu ya mashuka meupe, na doa moja lilitosha kumrudisha mama kwenye beseni.

Asubuhi hiyo mvua ilinyesha. Hapakuwa na cha kuanua, kwa hiyo akabaki ndani. Kabla ya adhuhuri kichwa chake nacho kilianza kugonga; akadhani ni majonzi. Mara akasikia harufu ya nguo inayoungua. Mama mkwe alikuwa amelala kifudifudi juu ya meza, pasi imetulia kwenye shuka. Bibi Arusi akainuka, magoti yakakataa. Akatambaa hadi mlangoni, akausukuma, akarudi, akamshika mama makwapani na kumkokota hadi uani kwenye mvua.

Kule zahanati walikokimbizwa, tabibu aliuliza walikuwa wakifanyia kazi wapi. Alipoelezwa, akatikisa kichwa.

"Mkaa hauna neno, hata mtoto anaushika. Hewa ndiyo hii tunayovuta. Lakini mkaa ukiungua mahali pasipo hewa ya kutosha, hivyo viwili huungana vikazaa gesi ya sumu. Haina rangi, haina harufu. Inakulaza kimya kimya."

Wifi alisimama miguuni pa kitanda cha mama, macho chini. Chai ilikuwa imeondolewa lawama, na Bibi Arusi angeweza kunyamaza. Badala yake akapiga magoti.

"Mama, ni mimi. Dirisha huwa nalifunga mimi, kila siku."

Mama mkwe alimshika mkono.

"Unajua nilikuwa napigia pasi wapi kabla hujaja?"

"Sijui, mama."

"Barazani. Miaka ishirini. Na siku usipokuwepo narudi huko huko. Ulipokuja nikasema, mtoto wa watu jua litamuunguza, nikahamishia jiko ndani." Akacheka, kikohozi kikamkatiza. "Mimi nimeingiza moto, wewe umefunga dirisha. Tungependana zaidi kidogo tungezikwa siku moja!"

Bibi Arusi alicheka huku akilia.

"Na ile chupa, mwanangu, nilikukosea. Nilisikia maneno nikayapa nafasi."

Wifi alisogea, akikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake.

"Wifi, sina la kusema. Niambie nifanye nini."

Bibi Arusi alijifuta uso. Katika miezi minne hakuwahi kumtuma mtu yeyote wa nyumba ile.

"Kairudishe barazani ile meza ya pasi, wifi. Ni nzito, na mimi leo sina nguvu."

Wifi akatoka mbio, mvua ikimnyeshea, hata mwavuli kausahau.