Maua ya Kitambaa

Eunice alikata kitambaa cha kukamulia dhahabu akatengenezea maua ya kadi. Kitambaa kilikuwa cha watu wanne, na mumewe Mwikwabe ndiye aliyekabidhiwa.

Kule Nyakunguru, kila shimo la dhahabu lilikuwa na kitambaa chake. Zebaki ikishashika dhahabu, unaifunga ndani ya kitambaa, unakamua. Zebaki inatoka, dhahabu inabaki, ila unga kidogo hunasa kwenye nyuzi. Kwa hiyo msimu ukiisha kitambaa kinachomwa mbele ya wote, majivu yanaoshwa, kinachopatikana kinagawanywa. Wezi walilijua hilo. Mwikwabe akakificha mahali ambapo hakuna mwizi angepekua: kwenye mfuko wa matambara ya mkewe. Hakumwambia. Mambo ya shimo hayakuwa ya wanawake.

Eunice alikuwa na boksi la kutengenezea kadi, aliloachiwa na sista mmoja aliyehama parokia. Karatasi ngumu na bahasha zilikuwepo bado, lakini maua na riboni vilikwisha, akawa anatumia mabaki: nyuzi za sweta, makaratasi ya biskuti, vipande vya kanga. Bernadetha wa Nyamwaga alipoagiza kadi kumi na mbili za Krismasi za kuwapelekea ndugu zake, Eunice alitia mkono mfukoni akatoa kitambaa cheupe kilichochakaa. Akakifua kwa sabuni, akakata.

Mwaka mpya ulipopita na msimu kuisha, Mwikwabe alikitafuta kitambaa kikachomwe. Mkewe alimweleza kilikokwenda, kisha akamuuliza kwa nini alikiweka kwenye mfuko wake. Mwikwabe akaenda kuwaambia wenzake wa shimo.

Nchagwa, mkubwa wa shimo, hakufoka. “Shemeji anapamba karatasi kwa jasho letu,” alisema. “Mwikwabe, lete maua yote kabla ya Jumapili. Likipungua moja, usishuke tena shimoni.”

Wakazunguka mume na mke, wembe mkononi, wakibandua maua. Watu walitoa kadi zao kwa shingo upande. Mmoja aliuliza kama na Krismasi yenyewe inarudishwa.

Ua la mwisho lilikuwa kijiji cha Nyansurura, kwa bibi Waisiko, shangazi yake Bernadetha. Kadi ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya kitanda.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.”

Mwikwabe akaeleza yote. Eunice akaahidi kubandika ua lingine, la kanga mpya. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

“Jina langu limeandikwa pale,” alisema. “Mjukuu amenisomea. Waisiko ametakiwa uzima. Salamu ikishapokelewa hairudi, mwanangu. Kama una nguvu, bandua.”

Nguvu alikuwa nazo. Bibi alikuwa peke yake, na fimbo yake ilikuwa mlangoni. Mwikwabe aliliangalia lile ua, akalifikiria shimo, kisha akaurudisha wembe mfukoni.

Jumapili maua kumi na moja yalichomwa. Majivu yalipooshwa, kwenye karai kilibaki kipande kama punje ya mtama. Msimu wa nyuma kilikuwa kama haragwe. Sabuni ilikuwa imekula sehemu yake. Nchagwa aliuliza la kumi na mbili liko wapi, akaambiwa.

“Basi kalinde ua lako,” alisema.

Shimo likabaki na watu watatu. Eunice hakuagizwa kadi tena, kwani ilisemwa salamu zake hufuatwa na wembe. Bahasha zililiwa na mchwa ndani ya boksi. Kadi kumi na moja zilibaki na kovu la gundi katikati. Nzima ilikuwa moja, Nyansurura.