Chanzo cha Amri ya Funga

Apolline alikuwa amelifuta jina la mumewe kila mahali: kwenye mlango wa ofisi yao mtaani Himbi, kwenye simu, hata kwenye mistari ya juu ya programu ambayo mume huyo aliiandika. Waasi walikuwa wameshika mji, na sasa walimtafuta mtu aliyeufunga kwa siri ya kompyuta ushuhuda wa wanawake waliotendewa ukatili na waasi hao, uliokusanywa na shirika la Apolline na mumewe. Aliyeufunga ni Aubin, mumewe, na ni yeye tu angeweza kuufungua. Wakimpata, wangempiga mpaka aufungue, kisha wangemuua. Hilo halikuhitaji kuulizwa.

Aliyetumwa ofisini aliitwa Constant, mwanaume mwenye miwani, mpole kupita kiasi, na askari wawili nyuma yake. Aliketi kwenye kompyuta, akafungua ile programu ya Aubin ya kuandikia.

"Mama, hii amri ya 'funga', ni nani aliitengeneza?"

"Ilikuya na programme, Papa. Ni kitu ya bazungu."

Njia ya mwongo ni fupi, tunaambiwa tangu utotoni. Aliyetuambia hakuwahi kumficha mume.

Constant hakubisha. Programu ile, ukiiuliza amri fulani imetoka wapi, inakujibu. Akaiuliza kwanza amri ya kufuta neno. Ikajibu kwa mkato: amri ya ndani, chanzo hakipo hapa. Apolline akapumua. Kisha akaiuliza funga. Ikajibu vilevile, amri ya ndani, lakini chini yake ikaongeza njia nzima ya faili, kama ilivyokuwa kwenye mashine ya fundi mwenyewe:

/home/aubin/ndosho-kwa-pascasie/funga.c

Tangu volkano ilipomeza nyumba yao ya Munigi pamoja na kazi zake zote, Aubin aliipa kila folda jina la nyumba alimofanyia kazi, ajue kila kazi aliiacha wapi, asije akaipoteza tena. Apolline alikuwa amefuta maandishi tu. Hakujua kwamba programu, ikishaundwa, huibeba njia ile ndani yake. Na kwa Pascasie, dada yake Aubin, mtaani Ndosho, ndiko mumewe alikojificha.

"Iyo ni ya zamani," alisema. "Ule mutu alisha kufa."

Constant alivua miwani, akaifuta taratibu.

"Pole, Mama." Akawageukia askari. "Ndosho ni kubwa. Huyu atatuonyesha mulango ya Pascasie."

Askari mmoja aliinama, akazitoa kandambili za Apolline chini ya meza, akamwekea miguuni.