Supu ya Kumtoa Baridi

Fundi cherehani alikaanga vitunguu kwenye siagi kwa moto mdogo, akanyunyiza unga wa ngano, akakoroga hadi mkono ukamuuma. Maziwa aliyamimina kidogo kidogo, maana ukiyamwaga kwa pupa unga hugeuka madonge. Kisha viazi, mahindi, vipande vya samaki. Krimu aliiacha ya mwisho. Jua lilipozama, marehemu mumewe akaingia bila kubisha, nyusi zimeganda barafu.

"Leo umeweka nini?"

"Krimu maradufu. Sogea karibu na jiko."

Mume alipogusa bakuli, supu iliganda. Ilikuwa hivyo kila jioni tangu azikwe. Fundi alitamani tu kumwona amepata joto, na kila siku aliipika nzito zaidi, hadi kijiko kikawa kinasimama chenyewe. Wapi! Mume aliikwangua kwa uma, akasema ni tamu sana, na fundi akajua anabembelezwa.

Mume alifia kwenye chumba cha barafu cha kiwanda cha samaki. Kitasa cha ndani kiling'oka zamani, basi wafanyakazi wakazoea kupiga mluzi wakiwa ndani, na mlinzi wa mlango asiposikia mluzi hufunga akaenda zake. Siku ile midomo ya mume ilikuwa imepasuka kwa baridi, akapuliza upepo mtupu. Nafasi yake ilichukuliwa na mdogo wake, aliyeishi nao, na ambaye, masikini, hakujua kupiga mluzi tangu azaliwe.

"Basi uwe unaimba," fundi alimwambia kila asubuhi.

"Nikiimba mimi, shemeji, hata samaki watalalamika," alijibu, akaondoka akicheka.

Fundi alishinda roho mkononi. Mwishowe alimwalika msimamizi wa kiwanda, akampikia sufuria zima. Msimamizi alimkuta marehemu mezani, akampa mkono, kisha akavipuliza vidole vyake vipate joto.

"Habari za siku nyingi?"

"Njema, bosi. Kitasa vipi?"

"Kimeshaagizwa," alisema msimamizi, akisogeza bakuli aongezewe.

Fundi alipiga magoti. Alisema huyu shemeji ndiye pekee aliyembakia, na kwamba akimpoteza na yeye hatakuwa mtu tena. Msimamizi alimwinua kwa upole, akamwambia aondoe shaka, kitasa kiko njiani. Akaomba supu kidogo ya kumpelekea mkewe. Alifungiwa supu kwenye kopo, akaaga kwa heshima zote.

Wiki iliyofuata, jioni, mume aliingia akauacha mlango wazi nyuma yake. Mdogo wake akafuata, masharubu yamekuwa meupe, akavuta kiti karibu na kaka yake. Fundi alilia kwa sauti, huku mwiko ukizunguka, kwa sababu maziwa hayangoji mtu amalize kulia. Aliwapakulia wote wawili.

"Niliimba, shemeji," alisema yule mdogo. "Mashine zikanizidi sauti."

"Najua uliimba," fundi alisema. "Kula."

Walikula kwa uma. Fundi aliuliza kama kitasa kimefika.

"Bado," alisema yule mdogo. "Lakini kesho anaanza mtu mwingine. Yule kijana wa nyumba ya pili."

Fundi akavuta kikapu cha viazi, akaendelea kumenya.