Kitambulisho cha Jumamosi

Nyamoita alianza kukasirika Ijumaa alasiri, na hiyo si saa nzuri ya Msabato kukasirika. Jua likizama kazi zote zinawekwa chini, na hasira nayo haina pa kupelekwa. Unalala nayo, unaamka nayo, unakwenda nayo kanisani ukiwa umevaa nguo safi.

Alikuwa akifunga biashara pembeni mwa soko la Migori, akifunika mikungu ya ndizi iliyobaki, ili awahi nyumbani kupika chakula cha Sabato kabla ya giza. Yakub, Mwislamu mwenye duka la vitambaa lililotazamana naye, akavuka barabara kumpa habari.

"Mama Kerosi, umeambiwa? Kesho ndio mwisho. Ile gari ya vitambulisho hairudi tena huku."

"Kesho Jumamosi?"

"Jumamosi. Kama ile ingine, na ile ingine."

Nyamoita aliuachia mkungu aliokuwa ameushika, ukaanguka na kumwaga ndizi mbivu miguuni pake. Hakuinama kuziokota.

Ulikuwa mwaka wa tisini na saba, mwaka wa uchaguzi. Serikali ilikuwa ikibadilisha vipande vya zamani kwa vitambulisho vipya, na chifu alikuwa ametangaza barazani kwamba asiye na kitambulisho kipya asijisumbue kwenda kujiandikisha kupiga kura. Gari lilikuwa moja na kamera moja, vikizunguka kutoka Homa Bay. Na lilikuwa gari lenye adabu sana kwa watu wengine. Asumbi, kwenye misheni ya Wakatoliki, halikwenda Jumapili. Muhuru Bay lilingoja mpaka wavuvi watoke majini. Ni mtaa wao tu, uliojaa Wasabato waliotoka Kisii kuja kuuza ndizi na kulima, uliopangiwa Jumamosi zote. Wazee wa kanisa walikwenda kwa chifu kuomba siku nyingine yoyote. Chifu aliwapa chai, akawaambia ratiba inatoka juu.

Ratiba! Kana kwamba kuna mtu asiyejua. Diwani aliyekuwapo alitaka kuwaondoa akina mama wa ndizi pale pembeni ili ajenge maduka yake, na mara iliyopita alikuwa ameshinda kwa kura chache tu. Akina mama wakipiga kura, yeye anarudi nyumbani kwake. Wasipopiga, wao ndio watakaofungasha. Nyamoita alikuwa amekaa pembe ile tangu mwanawe Kerosi akiwa mgongoni, na sasa Kerosi ana ndevu.

Lililomchoma zaidi ni kwamba sheria yenyewe aliipigania yeye. Mwaka wa tisini na mbili aliona kwa macho yake malori yakishusha watu wageni, wakapiga kura na kuondoka bila hata kuuliza bei ya ndizi. Baraza lililofuata alisimama mbele ya chifu akasema kila anayepiga kura aonyeshe kitambulisho, la sivyo tutachaguliwa diwani na wapita njia. Watu walimpigia makofi. Chifu naye alipiga, tena kwa nguvu kuliko wote.

"Sasa ndiyo nimejua alikuwa anashangilia nini," alimwambia Yakub.

Yakub alitikisa kichwa. "Mimi waliniambia nilete cheti ya babu yangu. Nikauliza, kwani ni babu anapiga kura? Lakini hiyo ID lazima iwe, mama. Bila hiyo wale wa lori watarudi."

"Nani amesema isiwe? Iwe! Lakini huwezi kuniambia lete ufunguo, na ni wewe umeukalia."

Nyumbani alimkuta mumewe, Mokua, akipiga pasi suruali yake ya kanisani. Mokua alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole, asiyeinua sauti hata ng'ombe akiingia kwenye mahindi yake. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho.

"Mama Kerosi, tumwachie Mungu."

"Mungu hajiandikishi kupiga kura, Baba Kerosi."

Mokua alimtazama kwa huzuni, akarudi kwenye pasi yake. Nyamoita alipika, akaoga, jua likazama, na hawakusemezana tena mpaka asubuhi.

Kanisani aliketi na wenzake wa Dorkasi, chama cha akina mama wa kanisa, vitambaa vyeupe kichwani. Hakusikia somo. Hakusikia mahubiri. Alisikia tu pale Mokua aliposimama kutoa matangazo, akaeleza kwa sauti yake ya upole kwamba gari la vitambulisho liko kambini kwa chifu kwa mara ya mwisho, na kwamba kanisa halimlazimishi mtu, kila mmoja aongee na dhamiri yake. Dhamiri! Kwa nini dhamiri ya kuhangaishwa iwe yake yeye, si ya chifu? Chifu alilala usingizi, akanywa chai yake. Wao ndio waliotakiwa kuchagua kati ya Sabato yao na soko lao.

Wimbo wa mwisho ulipoisha hakungoja chakula cha pamoja. Alitoka, akashika njia ya kambi ya chifu. Aliposikia nyayo nyuma akageuka, akaona akina mama wa Dorkasi wakimfuata, Bitutu mbele na Biblia kwapani.

Kambini foleni ilikuwa fupi. Meza iliwekwa barazani, na nyuma yake alikaa karani kijana aitwaye Abdihakim, mwenye wino wa alama za vidole na kamera juu ya miguu mitatu. Chifu alikaa kando yake, maana kila anayeomba kitambulisho ilibidi chifu aseme anamjua. Na chifu alikuwa akisema. Lori lilikuwa limesimama nyuma ya choo, na vijana waliotoka humo walipita mmoja mmoja.

"Namjua huyu," alisema chifu. "Ni wa hapa. Na huyu. Huyu pia."

Mmoja wao alimuuliza askari kama hapa ndipo Migori. Nyamoita alisikia kwa masikio yake mwenyewe, na kama angekuwa na mkungu wa ndizi mkononi angemtupia mtu.

Abdihakim alipowaona akina mama wenye vitambaa vyeupe alitabasamu. Hakuwa mtu mbaya. "Karibuni, mama zangu. Ni dakika tano tu kila mtu. Mungu anaelewa."

"Mungu anaelewa," alijibu Nyamoita. "Ni nyinyi hamuelewi. Shughuli za serikali ni kazi, na leo hatufanyi kazi. Tungojeeni jua lizame, tuko hapa."

"Tunafunga saa kumi, mama. Hiyo ni sheria."

"Mama Kerosi," chifu aliingilia, "si wewe ulisema watu wote waonyeshe vitambulisho? Sasa vitambulisho hivi hapa. Chukua, au wacha maneno mingi."

Vijana wa lori wakacheka. Dakika tano. Zilikuwa pale mezani, na pembe yake ya soko ilikuwa ndani ya dakika hizo. Nyamoita alizitaka, asiseme mtu kwamba hakuzitaka. Lakini alijua akizichukua leo, basi kila kitu chao kitapangwa Jumamosi: baraza, mbegu za serikali, hata mitihani ya watoto, na wataambiwa kila mara kwamba ni dakika tano tu.

Aligeuka akatoka barazani. Mbele ya kambi lilisimama lile gari la Homa Bay, Landrova ya kijivu, nyuma yake ukuta wa ofisi na mbele yake lango. Nyamoita akatandika leso yake chini, mbele kabisa ya magurudumu, akaketi, akanyoosha miguu.

"Unafanya nini hapo?" askari alimuuliza.

"Napumzika, afande. Leo ni siku ya kupumzika. Imeandikwa."

Bitutu aliketi karibu naye, kisha wengine, mpaka lango likawa jeupe kwa vitambaa. Min Akeyo, muuza samaki Mluo ambaye genge lake lilipakana na la Nyamoita, alikuwa amekwisha kupigwa picha yake asubuhi na alikuja tu kutazama. Aliweka karai lake chini, naye akaketi.

"Min Akeyo, wewe si Msabato," Bitutu alimwambia.

"Mimi? Mimi nimechoka tu. Kwani nyinyi peke yenu ndio mnajua kuchoka? Wakiwatoa nyinyi pale sokoni, mimi nitabaki kuuzia nani samaki?"

Saa kumi ilipofika Abdihakim alifunga masanduku, dereva akawasha injini. Dereva alikuwa Mkuria, mtu mzima aitwaye Gisiri. Alipiga honi. Hakuna aliyesogea. Chifu alitoka barazani, kofia mkononi.

"Gisiri, endesha! Watatoka wenyewe."

"Niendeshe niende wapi, chifu? Mbele ni mama, nyuma ni ukuta." Gisiri alizima injini. "Mimi niliandikwa kazi ya kubeba kamera. Ya kukanyaga mama sikuandikwa."

"Afande, waondoe!"

Askari aliwatazama akina mama, akatazama watu waliokuwa wakizidi kukusanyika kutoka sokoni, akaona Yakub amefunga duka na kuja na wenzake wa msikitini. Alikuwa peke yake, na mwezi haukuwa umefika mwisho, mshahara bado. Akasema ngoja kwanza afunge kamba ya kiatu.

Ndipo Mokua alipotokea, na suti yake na Biblia yake. Watu walimpisha. Chifu alifurahi kumwona.

"Mzee Mokua, afadhali umekuja. Wewe ni mtu wa heshima. Mwondoe bibi yako."

Mokua alimtazama mkewe vumbini, leso imechafuka, jasho likimtiririka. Nyamoita naye alimkazia macho. Akisema tumwachie Mungu hapa, aliwaza, simpikii tena mpaka kiama.

"Sogea kidogo," alisema Mokua, akaketi.

Walikaa. Chifu alitukana, akabembeleza, akatukana tena. Abdihakim alinunua mahindi ya kuchoma akala amekaa juu ya sanduku. Vijana wa lori waliondoka kwa miguu kutafuta chakula. Nyamoita hakuimba na wenzake walipoimba. Alitazama jua, akalihimiza kwa meno yaliyofungwa, mpaka likaingia nyuma ya paa la posho mili, kile kinu cha unga, na ule wekundu ukaisha.

Alisimama, akajikung'uta.

"Sabato imeisha. Fungua sanduku."

"Mama, giza hii yote?" Abdihakim alilalamika. "Na flashi ya kamera imekufa. Picha haitatoka."

Gisiri aliingia garini, akina mama wakampisha akaligeuza likatazama ofisi, akawasha taa kubwa, na ukuta wa ofisi ya chifu ukawa mweupe.

Abdihakim alishusha pumzi, akafungua sanduku. Alivichovya vidole vya Nyamoita kwenye wino, kimoja kimoja, kisha akamgeukia chifu kwa sauti ya kazi. "Unamjua huyu mama?"

Chifu aligeuza uso.

"Mwambie," alisema Nyamoita, na sauti yake ilisikika mpaka barabarani. "Mama yako alipokufa nilipika siku zote za matanga, mikono ikababuka. Wale wa lori umewajua wote, hata mmoja hujamuuliza jina la baba yake. Mimi je? Unanijua au hunijui?"

Chifu alitazama kofia yake.

"Namjua," alisema.

Nyamoita akaenda akasimama ukutani, taa za gari zikimpiga usoni. Vumbi lilikuwa limemganda kwenye mashavu, kitambaa kimekaa upande, na midomo ameikaza. Nyuma ya kamera foleni ilikuwa imekwisha kujipanga mpaka langoni.

Abdihakim aliinama kwenye kamera, akainuka tena. "Mama, legeza uso kidogo. Usikunje hivyo."

"Piga hivi hivi," alisema Nyamoita. "Siku ya kura nitakwenda nikiwa na uso huu huu. Sitaki mtu aje kuniambia picha si yangu."