Maua ya Bi Rukoyah Yametanguliza Mgongo

"Hebu nieleze, Dadang! Hili ni ua, au kuku aliyekanyagwa na lori?"

Bi Rukoyah aliirusha saruni juu ya ukuta, ikamwangukia jirani yake Dadang usoni. Nusu ya mtaa wa Majalaya ilikuwa imeshatoka nje. Ugomvi kama huu hausubiriwi kusimuliwa.

Kompyuta kuukuu iliyokuwa ikiongoza mtambo wake wa kufuma ilikuwa imekufa. Dadang, mwandishi wa programu, alimfufulia mzimu wake: programu ndani ya kompyuta mpya, ikijifanya ile marehemu, pamoja na kadi yake, kile kipande kinachouambia mtambo nyuzi zipi zipande. Mtambo ukanguruma, lakini maua yakatoka vipandevipande. Na Mzee Gopur, mnunuzi wa vyuma chakavu, alikuwa keshajikalia kibarazani na kahawa. Ua lisipotoka leo, mtambo unapanda lori lake.

"Kwangu nyumbani, kwenye kompyuta yangu, linatoka zima, dada! Kosa ni la kompyuta yako."

"Basi nije nifumie chumbani kwako? Mkeo atasemaje?"

Watu wakaangua kicheko. Aliyecheka zaidi ni huyo mke.

Dadang akaitandaza saruni ili amwaibishe Bi Rukoyah, ikamwaibisha yeye mwenyewe. Ua halikuvurugika ovyo. Kila nyuzi nane zilikuwa zimebadilishana mahali na nane zinazofuata. Akainama, akaanza kuzihesabu kwa kidole.

"Vipi, kaka? Unahesabu manyoya ya kuku?"

"Kila namba inakatwa vipande viwili, kila kipande nyuzi nane," akasema polepole. "Kompyuta marehemu ilitanguliza kipande kikubwa. Hii mpya yako inatanguliza kidogo. Mimi kadi nimeiambia ifuate desturi ya kompyuta yoyote inayoikaribisha. Na yangu ya nyumbani ni ya ukoo wa marehemu, kwa hiyo..."

"Kwa hiyo umeifundisha unafiki."

"Ndiyo, dada."

"Paza sauti, wa nyuma hawajasikia."

"Nimekosea mimi!"

Akaingia, akabadilisha mstari mmoja: kadi itangulize kikubwa popote itakapokuwa. Mtambo ukanguruma tena. Ua likachomoza, petali kwa petali, kila moja mahali pake. Mzee Gopur akaja kulipapasa, akashusha pumzi kama mfiwa.

"Usinitazame hivyo," akasema Bi Rukoyah, akifungua majani ya mgomba, samaki na pilipili vikanukia hadi barazani. "Mtambo hupati. Dadang, mpe mwenzio nafasi. Mzee Gopur, vua viatu ukae, wali unapoa."