Watarajiwa wa Chumba cha Uani

Dalali alimwambia fundi wa miwani avae viatu vya chini na asichelewe, kwa sababu mtaa hukaguliwa asubuhi, kabla jua halijawa kali, wakati watarajiwa bado wanaonekana vizuri. Walikutana mbele ya duka la mitungi ya gesi. Dalali alikuwa na mwavuli, simu mbili na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Fundi wa miwani alikuwa na tepu ya kupimia, chupa ya maji, na ruhusa ya siku moja kutoka duka ambako husaga lenzi.

Ilikuwa nyumba yake ya kwanza kununua, kwa hiyo dalali alimweleza kazi ilivyo, ingawa jambo lenyewe hakuna asiyelijua. Watu watakaokuja kuishi mahali, au kufika mara kwa mara, huanza kuonekana pale mapema, miaka kadhaa kabla ya wakati wao. Wamepauka kidogo, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi, na miguu yao haina kishindo. Hawawaoni watu wa sasa. Mtaa wenye mbele hujaa watarajiwa. Mtaa usio na mbele hauna hata wa dawa. Binamu yake dalali alinunua kwa ubishi kule kwenye kiwanda cha zamani, ambako hakuonekana mtarajiwa hata mmoja, na mpaka leo katika nyumba ile wanalala popo.

Hapa walikuwa wengi. Mwanamke alisukuma kigari cha mtoto katikati ya barabara ambayo bado ilikuwa na mashimo, na kigari hakikuyumba. Wanaume wawili walipita wakikimbia kwa ajili ya afya. Muuza mkaa alisogeza gunia lake kuwapisha, bila kukatiza hesabu ya chenji.

"Unaiona foleni ile?" dalali aliuliza.

"Pale si ni ukuta?"

"Leo ni ukuta. Wale wanangoja mkate wa moto. Mtaa ukishakuwa na foleni ya mkate mbele ya ukuta, dada, usiuulize mara mbili."

Fundi wa miwani aliwatazama watarajiwa mmoja mmoja, akianzia kushoto, kama anavyokagua lenzi kazini. Alikuwa akitafuta sura anayoijua. Muuza mkaa hakuwamo. Kinyozi wa kwenye kona hakuwamo, wala yule bibi wa karanga ambaye alikuwa akimwongezea konzi moja ya bure alipokuwa mtoto, maana mtaa huu ndio aliokulia.

"Na hawa wa sasa watakuwa wapi?"

"Kwingine," alisema dalali, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa saa.

Nyumba aliyoitaka ilikuwa na lango la bluu. Katika chumba cha uani cha nyumba hiyo alipanga shangazi yake, aliyemlea tangu alipofiwa na wazazi, na aliyemsomesha kwa kufua na kupiga pasi nguo za watu. Mwenye nyumba alikuwa anauza. Fundi wa miwani alikuwa amejibana tangu mshahara wake wa kwanza, na mpango wake ulikuwa mwepesi: vyumba vya mbele vitalipa benki, na shangazi atakaa chumba cha uani bila kodi mpaka Mungu atakapomchukua. Alitaka kumpa habari hiyo pamoja na ufunguo, siku moja, ghafla. Hakuwa amemwambia mtu.

Walimkuta shangazi anapiga pasi shati jeupe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Piteni huku, yule kijana yuko mezani, mtamkalia."

Mezani, au pale ambapo meza ya shangazi ilikuwa, alikaa kijana aliyepauka, amevaa spika za masikioni, anaandika kwenye kompyuta ndogo. Pasi ya shangazi ilipita kwenye viwiko vyake na kurudi. Mahali pa kitanda palikuwa na rafu, na kitanda kilikuwapo vilevile, kimetandikwa vizuri.

"Huyu yuko hapa siku nyingi?" dalali aliuliza.

"Tangu masika ya mwaka juzi. Hana shida. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini huyu hata jembe huwezi kumpa." Shangazi aligeuza shati. "Hali, hanywi. Kazi yake ni kunikalia mezani tu."

Dalali alifurahi sana. Alimvuta fundi wa miwani pembeni na kumwambia kwamba chumba cha uani chenye mtarajiwa wa kompyuta ni bahati, kwani hao hulipa mapema na hawana watoto.

"Hiki chumba ni cha shangazi yangu," alisema fundi wa miwani.

"Benki wameshamtuma mtu wao, dada. Amemwona huyu kijana, na kodi yake wameshaipigia hesabu. Ukimtoa humu, mkopo hautoshi."

Hapo lango la bluu lilifunguka, au lilibaki limefungwa na mtu akaingia. Alikuwa mwanamke aliyepauka, mwenye mvi kandokando ya masikio na mkoba mzuri wa ngozi. Kanda ya kiatu chake cha kushoto ilikuwa imekatika na kufungwa kwa uzi mweusi. Alikwenda moja kwa moja kwenye bomba la uani, akainama, akalikaza. Fundi wa miwani alimtambua kwa namna alivyokunja mikono ya blauzi, mikunjo miwili mipana, kama yeye.

Shangazi aliweka pasi chini. Alimimina chai kutoka kwenye chupa, akatoka nayo hadi mlangoni, akasimama nayo. Yule wa kwenye bomba alifuta mikono yake, akatoka bila kugeuka. Shangazi alirudi ndani, akapuliza chai ile na kuinywa mwenyewe.

"Umeshaniona kabla ya leo?" fundi wa miwani aliuliza.

"Mara nyingi tu. Unakuja, unakagua bomba, unaondoka. Kila ukija nakumiminia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini, mwanangu? Nilikuona una haraka."

"Na wewe, shangazi? Wewe uko wapi?"

"Nimejitafuta humu ndani, sijioni." Alichukua tena pasi, akaigusa kwa kidole kilicholowa mate. "Labda nipo sokoni."

Fundi wa miwani aliona uchungu ukipanda. Kisha hakuhisi kitu. Mwili wote ulikuwa kama ufizi uliochomwa sindano ya ganzi. Alijua panauma, ila hapakuwa pakiuma. Alitoa tepu akapima chumba, urefu na upana, kwa sababu ndicho alichokuja kufanya. Shangazi alimshikia ncha ya pili.

Walipokuwa barabarani dalali alifungua mwavuli, ingawa hapakuwa na mvua.

"Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo," alisema. "Wewe umeshakuwepo. Tumekuona wote. Usiponunua, yule mama wa bombani atatoka wapi?"

Hilo lilimwingia. Alisaini wiki iliyofuata.

Alijiambia kwamba shangazi atahama kwa muda tu, mpaka benki ilegee. Shangazi hakumsumbua kwa swali lolote. Alifungasha pasi, meza na godoro, akaenda kukaa na shoga yake wa zamani, mbali, karibu na kiwanda cha zamani, kwenye mtaa ambao hauna mtarajiwa hata mmoja. "Huku kuna nafasi," alisema kwenye simu. "Unapiga pasi hakuna mtu mezani." Alimwombea baraka, tena kwa moyo mmoja. Alifariki mwaka wa pili, kwa kifua. Benki ilikuwa bado haijalegea.

Kijana wa kompyuta alihamia, akalipa mapema, hakuwa na watoto. Ukuta ulivunjwa na mkate wa moto ukaanza kuuzwa. Muuza mkaa alikwenda kwingine.

Fundi wa miwani alikuja mara kwa mara kwa sababu ya bomba, ambalo lilikuwa halisikii dawa. Kila alipokuja alijiambia kwamba leo atageuka, amwelekee shangazi wa miaka ile pale mlangoni. Aliwaza atakavyofanya: atapunga mkono, atacheka, atasogea mlangoni na kujifanya anapokea kikombe. Halafu simu ilikuwa inaita, au kijana alikuwa na malalamiko ya intaneti, na alikumbuka akiwa ameshafika barabarani.

Asubuhi moja kanda ya kiatu chake cha kushoto ilikatika alipokuwa anavuka. Kwenye mkoba alikuwa na uzi mweusi tu. Alipomaliza kuifunga aliitazama, akajua ni siku gani.

Aliingia kwa lango la bluu, akakunja mikono ya blauzi, akainama kwenye bomba. Nyuma yake, alijua, walikuwa watatu: dalali, yeye mwenyewe na tepu yake, na shangazi aliyesimama mlangoni na chai. Hakuna kilichomshika shingo. Angeweza kugeuka, na yule mwenye tepu angeliona hilo kabla hajasaini. Lakini mwanamke aliyemwona siku ile hakugeuka. Alikaza bomba mpaka matone yakakoma. Alikaa kidogo ameinama, mkono juu ya chuma baridi, muda wa kutosha chai kupoa. Halafu alifuta mikono yake, akatoka.

Dalali alikuwa anamngoja mbele ya foleni ya mkate, na mwavuli wake.

"Tumechelewa, dada," alisema. "Mtaa wa nyumba yako ya pili uko mbali, na jua likishakuwa kali hatutaona mtu."